Uganga uliotoka Dar es Salaam kwenda Handeni



Sisi wakazi wa mjini tumezoea kuitania Handeni. Mtu akipata cheo ghafla, tunamuuliza kama alipitia Handeni. Timu ikifunga bao la dakika ya mwisho, tunasema kamati ya ufundi imerudi kutoka Handeni. Mimi mwenyewe, ambaye mama yangu ni Mzigua wa huko huko, nimeucheka sana utani huo vijiweni na hata kwenye baraza za misikiti baada ya swala ya Alasiri.

Leo naomba nieleze kisa kilichonikata kicheko. Katika kisa hiki uganga haukutoka Handeni kuja Dar es Salaam. Ulitoka Dar es Salaam, ukapakiwa kwenye basi la asubuhi, ukashushwa Handeni mchana. Na aliyeupakia ni mimi.

Nakieleza si kwa kutaka kuhurumiwa. Nakieleza kwa sababu dawa niliyoituma ilikuwa na jina ambalo sasa limeenea mjini, jina la “peptaidi”, na kwa sababu nimekuja kujua kwamba jina hilo ni la kweli, elimu yake ni ya kweli, lakini chupa nyingi zinazolibeba ni za uongo. Muislamu anayetaka kuilinda afya yake na ya watu wake hana budi kuijua tofauti hiyo.

Kisa chenyewe

Dada yangu anaishi Handeni mjini. Mwanawe wa pili ana miaka 14 na ana kisukari cha aina ya kwanza. Hiki si kile kisukari cha watu wazima ambacho mara nyingi kinahusishwa na unene na maisha ya kukaa. Hiki huwapata zaidi watoto na vijana. Kinga ya mwili huishambulia kongosho hadi inaacha kutengeneza insulini. Mgonjwa wa namna hii anaishi kwa sindano za insulini, kila siku, maisha yake yote.

Wiki moja kabla ya Ramadhani mpwa wangu alinipigia simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba baba. Hujambo?”

“Sijambo. Mjomba, huko Dar hakuna dawa ya matone au ya kumeza? Nimechoka sindano. Na mwaka huu nataka kufunga. Wenzangu madrasa wananiita mla mchana.”

Nani kati yetu angeyasikia maneno hayo asiguswe? Nikaanza kutafuta. Nikaelekezwa duka moja la tiba lishe. Nikamkuta kijana aliyevaa koti jeupe, mwenye lugha laini. Akanionesha chupa ndogo ya matone ya kuweka chini ya ulimi. Akaniambia: “Sheikh, insulini ni peptaidi. Hii nayo ni peptaidi. Tofauti ni kwamba hii inaiamsha kongosho ifanye kazi yenyewe.” Akaongeza mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba kila maradhi yana dawa yake. Nikaona huyu ni mtu wa dini na ni mtu wa sayansi. Nikalipa.

Nikafunga kifurushi, nikakipeleka stendi, kisha nikampigia dada yangu simu na kumwambia sentensi ambayo naijutia mpaka leo: “Akianza hii, sindano apunguze kidogo kidogo.”

Siku ya tano kijana alikuwa kwa shangazi yake Korogwe. Alianza kwa kiu kali na kukojoa mara kwa mara. Kisha tumbo likamuuma, akatapika. Korogwe ni nchi ya malaria, hivyo wakasema ni malaria. Alipoanza kuhema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia mbio ndefu, mmoja akasema kapandwa na jini. Aliyetuokoa, baada ya Allah (s.w.), ni jirani mmoja, muuguzi mstaafu. Aliinama, akainusa pumzi ya mtoto, akasikia harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hakuuliza habari za malaria wala za jini. Aliuliza: “Sindano yake ya mwisho alichoma lini?”

Hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Alikimbizwa hospitali, akatundikiwa maji na kupewa insulini. Mimi nilifika usiku. Daktari aliishika ile chupa, akaizungusha mkononi, akaniuliza kwa upole: “Mzee, hii umeisoma?” Nilikuwa nimesoma jina tu. Hapakuwa na jina la kiwanda, hapakuwa na namba ya usajili, wala hapakuandikwa ndani mna nini hasa.

Alhamdulillah, kijana alipona. Lakini nimejifunza kwamba hali ile, ambayo damu hugeuka kuwa ya asidi kwa kukosa insulini, huua. Na ikiwa mtoto hajajulikana bado kuwa ana kisukari, huweza kuzikwa ikasemwa kuwa ni malaria tu.

Peptaidi ni kitu gani?

Niliporudi mjini niliamua kusoma na kuuliza wenye elimu, maana nilikwishachelewa kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Chukua tasbihi mkononi. Shanga zake zimepangwa kwenye uzi mmoja. Mwilini kuna shanga za namna hiyo zinazoitwa asidi amino, na protini zetu hujengwa kwa aina 20 za shanga hizo. Zikiunganishwa chache kwenye uzi mfupi, uzi huo huitwa peptaidi. Zikiwa nyingi na uzi ukajikunja kunja, huitwa protini. Maharage, nyama, mayai na dagaa, vyote vina nyuzi hizo.

Peptaidi nyingi mwilini ni wajumbe. Hutoka kiungo kimoja kupeleka amri kwenye kiungo kingine. Insulini ni mmoja wa wajumbe hao. Ina shanga 51 katika nyuzi mbili, mmoja wa shanga 21 na mwingine wa shanga 30. Aliyeupata mpangilio huo ni Mwingereza Frederick Sanger, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1958. Kazi ya mjumbe huyu ni kuziamuru seli zipokee sukari iliyomo kwenye damu. Bila yeye, damu hujaa sukari na seli zinakufa njaa, mfano wa mtu anayekufa kiu huku amezungukwa na maji ya bahari.

Kwa hiyo yule kijana wa dukani hakusema uongo alipodai kwamba insulini ni peptaidi. Alichukua ukweli mmoja akautumia kuuzia kitu kisichohusiana nao. Ni sawa na mtu akuambie kwamba funguo ya nyumba yako ni ya chuma, na msumari huu nao ni wa chuma, basi nunua msumari ufungulie mlango.

Kwa hakika tiba ya peptaidi si jambo geni wala la kutilia shaka. Insulini ilipatikana Toronto, Canada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best wakiwa na wenzao John Macleod na James Collip. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, mnamo Januari 1922. Niliposoma umri huo nilinyamaza kwa muda, kwa sababu ndio umri wa mpwa wangu. Kabla ya mwaka huo watoto kama yeye waliwekewa mlo wa njaa ili waishi miezi michache zaidi. Mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliikabidhi haki ya uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja tu kila mmoja.

Na wako mama zetu wengi ambao wamechomwa peptaidi bila kulijua jina lake. Sindano anayochomwa mzazi mara tu mtoto anapotoka, ili kuzuia damu isimwagike kupita kiasi, ni oksitosini. Hiyo ni peptaidi ya shanga tisa tu. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953 na akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 1955. Shanga tisa hizo zimewaokoa wazazi wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Suala la nguruwe

Hapa kuna jambo linalotuhusu Waislamu moja kwa moja, na bado nalisikia likizungumzwa kama la leo. Kwa miongo mingi insulini ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za ng'ombe na za nguruwe waliochinjwa machinjioni. Insulini ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa shanga moja tu. Ya ng'ombe kwa shanga tatu. Wako Waislamu waliosita, na wanazuoni wakalizungumza suala hilo kwa kuangalia hukumu ya dharura na kama ile ya ng'ombe ilipatikana.

Allah (s.w.) akafungua mlango mwingine. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kuzifundisha bakteria kutengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumika kwa wagonjwa. Insulini zinazotumika kwa wingi leo hutengenezwa kwa bakteria au hamira. Anayemtisha mgonjwa wa kisukari kwa kumwambia kuwa sindano yake ni nguruwe, anamtisha kwa habari za zamani. Mwenye shaka na aiangalie boksi yake au amuulize mfamasia, kisha aendelee kuchoma.

Kwa nini haimezwi?

Hili ndilo swali la mpwa wangu, nalo lina jibu fupi. Tumbo halijui kwamba hii ni dawa. Likipokea uzi wa peptaidi hulifanyia kile kile linachoufanyia wali maharage: linaukata, shanga zinatawanyika, mjumbe anakufa njiani. Ndiyo maana insulini inachomwa. Wanasayansi wamehangaika na jambo hili tangu siku za mwanzo kabisa. Ipo peptaidi ya kisukari cha aina ya pili, semaglutaidi, ambayo mwaka 2019 iliruhusiwa Marekani kwa njia ya kidonge, lakini ilibidi ichanganywe na kitu maalumu cha kuisaidia kupenya, imezwe tumbo likiwa tupu kwa maji kidogo, na hata hivyo inayofika kwenye damu ni sehemu ndogo sana ya iliyomezwa. Basi pale wenye maabara kubwa walipotumia miaka na miaka, mwenye duka wa mjini amewezaje kwa matone ya chini ya ulimi?

Somo kutoka Korogwe

Nikiwa pale Korogwe nikimuuguza kijana, nilikumbushwa jambo ambalo wengi wetu mjini hatulijui. Mji huo tunaoupita ndani ya basi tukielekea Moshi na Arusha, tukinunua machungwa dirishani, una jina lake katika historia ya tiba duniani.

Mwaka 2007, watoto wa Korogwe pamoja na wa Kilifi, Kenya, jumla yao 894, wenye umri wa miezi mitano hadi 17, waliingizwa katika majaribio ya chanjo ya malaria inayoitwa RTS,S. Upande wa Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilikuwemo. Chanjo si tiba, lakini msingi wake ni ule ule wa shanga. Wataalamu walikichukua kipande cha protini ya kijidudu cha malaria, kipande ambacho shanga zake nne hujirudia rudia kama uradi, wakakiunganisha na protini ya kirusi cha homa ya ini, ili mwili ujifunze kumtambua adui kabla hajaingia.

Nusu ya watoto walipewa chanjo hiyo na wengine wakapewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili ipatikane njia ya kulinganisha. Matokeo yalitangazwa Desemba 2008: kinga ya asilimia 53 kwa muda wa wastani wa miezi minane. Kisha yakafuata majaribio makubwa zaidi, kuanzia 2009 hadi 2014, kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Korogwe na Bagamoyo vilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Safari hii, kwa watoto waliopata dozi nne na kufuatiliwa kwa takriban miaka minne, kinga ilionekana kuwa asilimia 36. Wasiwasi kuhusu homa ya uti wa mgongo nao ulitajwa hadharani, ukafuatiliwa katika utekelezaji wa mfano ulioanza 2019 Malawi, Ghana na Kenya, na haukuthibitika. Ndipo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Kabla yake ilikuwepo nyingine, SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Hiyo ilikuwa peptaidi hasa, iliyounganishwa maabara shanga kwa shanga. Ilijaribiwa Idete, Kilombero, na matokeo ya mwaka 1994 yakaonesha kinga ya asilimia 31. Ilipojaribiwa Gambia na Thailand haikufua dafu. Ikaachwa.

Ndugu msomaji, hebu tuyatafakari haya. Asilimia 53. Asilimia 36. Asilimia 31, kisha ikaachwa. Hizi ni namba za watu waliotumia miaka mingi na fedha nyingi kwa dawa yao, na bado wakasema mbele ya dunia kwamba hapa imefanya kazi nusu, na hapa imeshindwa. Sasa ile chupa yangu ilidai nini? Ilidai inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, maumivu ya magoti, upungufu wa nguvu za kiume na uzee, vyote kwa asilimia mia moja. Dawa ya kweli hukutajia udhaifu wake. Dawa ya uongo haina udhaifu hata mmoja.

Peptaidi za mjini

Inshaallah tusidhani kwamba ni mimi peke yangu niliyedanganyika. Mwaka 2011 magari yalitoka Dar es Salaam na miji mingine kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Ndani ya magari yale walikuwemo wasomi na viongozi, na walikuwemo wenye kisukari. Leo kikombe kimebadilika sura. Kimekuwa kichupa chenye maandishi ya Kiingereza.

Zipo peptaidi mpya ambazo ni dawa kamili. Semaglutaidi niliyoitaja iliruhusiwa Marekani kwa kisukari cha aina ya pili mwaka 2017, na kwa kupunguza unene mwaka 2021. Ndugu yake wa kwanza, eksenataidi, ya mwaka 2005, ilitokana na uchunguzi wa mate ya mjusi wa jangwani Marekani, ingawa dawa yenyewe hutengenezwa maabara. Lakini hizi ni dawa za daktari, zina masharti na madhara yake, na hazichukui nafasi ya insulini kwa mgonjwa wa aina ya kwanza. Tena kwa sababu zinatafutwa sana, bandia zake zimezagaa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia.

Zipo na nyingine zinazonadiwa kwa wacheza mpira na wanyanyua vyuma, kwamba zinaunga misuli na kuponya majeraha. Maarufu kati yake ni BPC-157. Sifa zake nyingi zimetoka kwenye panya, na utafiti kwa binadamu ni kidogo mno. Mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2023 iliiweka katika orodha ya vitu vinavyoweza kuwa na hatari, na shirika la kupambana na dawa haramu michezoni limeipiga marufuku tangu 2022. Kijana wetu anayejichoma gizani kwenye chumba cha mazoezi ajue kwamba amejigeuza panya wa maabara, tena maabara isiyo na mwenye kuandika matokeo.

Mtungi wa dada yangu

Kuna kosa jingine tuliligundua. Kwa kuwa peptaidi ni uzi laini, joto linauharibu. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi joto kati ya mbili na nane, wala isigande. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, mradi isipate joto kali wala jua. Dada yangu hana friji. Alikuwa anaiweka kabatini, chini ya bati, katika jua la Handeni.

Yule muuguzi mstaafu ndiye aliyetufundisha. Chukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi. Weka ndani yake mtungi mdogo zaidi, na kati ya miwili jaza mchanga. Mwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Dawa iwe ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, kisha funika kwa kitambaa kibichi na uweke kivulini penye upepo. Maji yanapotoka kwenye udongo kwa kukauka hubeba joto, na ndani hupoa. Si friji, lakini inasaidia sana, hasa penye hewa kavu kama Handeni kuliko kwetu pwani kwenye unyevu. Watafiti wamepima mitungi ya namna hii katika nchi za joto na kuona kwamba inashusha joto kweli.

Mtungi ule ule bibi zetu waliopozea maji ndio unaotunza insulini ya mjukuu wao. Basi nani aseme kwamba Handeni hakuna elimu?

Swaumu na sindano

Tukirejea kwenye lililomfanya kijana aitafute dawa ya matone, ni swaumu. Hapa sisi wazazi, walimu wa madrasa na maimamu tuna sehemu yetu ya lawama.

Kwanza, sindano ya insulini haibatilishi swaumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba sindano za tiba za kwenye ngozi, msuli au mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kumlisha mgonjwa. Kujitoboa kidole ili kupima sukari nako hakufunguzi. Basi asiache mtu dawa wala kipimo kwa kuogopa saumu yake.

Pili, kufunga kwenyewe kwa mgonjwa wa aina ya kwanza ni hatari kubwa kwa wengi wao. Sukari ikishuka sana anazimia, ikipanda sana yanamfika yaliyomfika mpwa wangu. Miongozo ya kitaalamu kuhusu kisukari na Ramadhani, iliyotolewa mwaka 2016 na kuhuishwa 2021, inawataka wagonjwa wamuone daktari wiki kadhaa kabla ya mfungo ili hali ya kila mmoja ipimwe. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an yenyewe, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Anayeichukua ruhusa ya Mola wake hakupungukiwa kitu. Aliyepungukiwa ni yule anayemwita mwenziwe mla mchana.

Maswali matano

Nikiulizwa leo na ndugu yeyote kuhusu dawa mpya, peptaidi au nyinginezo, namwambia aulize maswali matano kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA? Na kama ni ya asili, je, muuzaji na dawa yake wanatambuliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002? Tiba asili si uhalifu. Uhalifu ni kujificha.

Pili, ndani mna nini na kiasi gani? Kisichoandikwa hakijulikani.

Tatu, inaingiaje mwilini na inahifadhiwaje? Peptaidi ya kunywa iliyopangwa juani kwenye meza ya barabarani ina mambo mawili dhidi yake.

Nne, imejaribiwa kwa nani, wangapi, na wangapi haikuwasaidia? Wasipoitaja idadi ya pili, idadi ya kwanza usiiamini.

Tano, na hili ndilo kubwa, je, inakutaka uache dawa ya hospitali? Anayekuambia uache insulini, uache dawa za presha au za kifafa, anauweka uhai wako rehani kwa faida yake.

Ni kweli Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba maradhi yana dawa. Lakini alitufundisha pia kwamba anayejitia kutibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba anabeba dhamana ya madhara anayosababisha. Muuzaji yule alinisomea fundisho la kwanza, akaliruka la pili. Na mimi, ambaye sikuuza wala sikusomea udaktari, nilipomwambia dada yangu sindano zipunguzwe nilijitia kutibu. Dhamana ile ilinihusu na mimi.

Nilimuomba radhi dada yangu. Nilimuomba radhi na kijana pia, jambo ambalo sisi wajomba hatulizoei. Alinisikiliza, kisha akasema: “Mjomba, si kitu. Lakini siku nyingine usitume dawa, tuma vipimo.” Sasa kila mwezi natuma boksi la vipande vya kupimia sukari, kwa basi lile lile la asubuhi.

Ramadhani iliyofuata hakufunga. Alikuwa anawaamsha wenzake daku, akitoka alfajiri anachoma sindano yake, na jioni anagawa tende msikitini. Mwalimu wake wa madrasa alisimama mbele ya wanafunzi akawaeleza hukumu ya mgonjwa. Hakuna tena anayemwita mla mchana.

Na mimi nikisikia vijiweni utani wa Handeni, sicheki. Nawaambia kwamba nilipopotea, mtu wa Korogwe ndiye aliyeuliza swali sahihi, na mtungi wa Handeni ndio uliotunza dawa sahihi. Chupa ya uganga ilitoka kwetu.

Wabillahi tawfiq.